Hali ya Hewa Juma Lijalo: Baridi ya Julai na Jiko la Makaa

Wasomaji wetu wa nyanda za juu hawana haja ya kuambiwa kwamba baridi imefika. Nao wa juma lijalo wasitazamie nafuu kubwa. Tangu Limuru na Kiambu hata Murang'a, Nyeri na jiji la Nairobi, desturi ya Julai ni asubuhi za mawingu mazito yaliyoinama, na manyunyu membamba yasiyojaza pipa lakini yalowanishayo nguo. Jua likionekana, huonekana baada ya saa nane mchana. Mwezi huu joto la mchana Nairobi kwa kawaida halipiti sana digrii 22 za Selsiasi, na usiku hushuka hata 11 au 12. Kinangop na Nyahururu, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,300, ni baridi kuliko hapo.

Wako wadhanio kwamba baridi hii yashuka kutoka Mlima Kenya. Sivyo. Asili yake iko mbali, kusini ya Ikweta, ambako hii ndiyo miezi ya majira ya baridi. Katika Bahari ya Hindi, upande wa Mauritius na Réunion, hewa nzito hujikusanya, na kutoka huko upepo huvuma kuja kwetu. Upandapo bara hupoa, unyevu wake hugeuka mawingu, nayo mawingu hulizuia jua. Ndiyo sababu mtu aweza kutetemeka Limuru, akateremka bondeni Naivasha siku iyo hiyo akakuta jua.

Lakini mawingu hayo yachukizayo ni blanketi ya usiku. Sakitu, yaani umande ulioganda juu ya majani, hupenda usiku mkavu, usio na wingu wala upepo. Chai ya Kericho na Nandi iliunguzwa na sakitu mwezi wa Januari 2012, wakati wa kiangazi, wala si Julai. Mkulima wa viazi sasa na aogope zaidi baka, ugonjwa ule ule ulioleta njaa kuu Ireland tangu mwaka 1845. Hustawi sana penye ubaridi na majani yasiyokauka. Dawa yake ni ya kukinga: ipigwe kabla madoa hayajaenea, majani yakiwa makavu na mvua haipo karibu. Mwenye kahawa naye azitazame buni changa, na akiona madoa meusi yaliyodidimia amwite bwana shamba.

Sasa tuingie nyumbani, maana huko ndiko baridi iuako watu. Jioni jiko huwashwa nje, moshi ukiisha huingizwa chumbani, mlango hufungwa, na nguo kuukuu huzibwa penye ufa. Mama huridhika kwamba makaa yamekuwa mekundu na moshi umekwisha. Hilo ndilo kosa lenyewe. Makaa mekundu yasiyo na moshi yangali yakitoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushika damu mahali pa hewa safi, na mwili hukosa pumzi ingawa kifua chaendelea kupanda na kushuka. Kichwa huuma, moyo huchafuka, viungo hulegea. Wengi husema ni uchovu au malaria, wakajilaza. Aliyelala hana wa kumwamsha. Moshi, pamoja na uchungu wake wote, humwonya mtu. Gesi hii haionyi.

Basi jiko na litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yamefunikwa na majivu, maana chini ya majivu moto ungali hai. Anayepika ndani na aache dirisha wazi. Mkimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, mtoeni kwanza kwenye hewa safi, kisha mpelekeni hospitali upesi. Watoto wavikwe nguo mbili tatu na soksi. Na mtoto mwenye kikohozi anayehema mbiombio, au ambaye mbavu zake zaingia ndani apumuapo, asingojee kesho, huenda ni kichomi.

Magharibi, kuanzia Kericho na Kakamega hata Kitale, mvua za alasiri zenye ngurumo ni za kawaida wakati huu, na mahindi ya Trans Nzoia yazihitaji. Turkana na Wajir ni ukavu na upepo wenye vumbi. Lodwar joto la mchana hupita digrii 30.

Pwani ni kipupwe. Mombasa usiku ni wa kupendeza, nayo mvua ya mchoo yaweza kupita asubuhi bila kukaa. Lakini kusi lina nguvu, na bahari nje ya miamba imechafuka. Wenye ngalawa na madau wavue ndani ya miamba, na kabla ya kutweka waisikilize taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa.