Mashtaka Dhidi ya Edward Pococke Hayasimami

Mashtaka dhidi ya Edward Pococke mmekwisha kuyasikia. Inadaiwa kwamba kasisi huyu wa Kiingereza, aliyekabidhiwa kiti kipya cha uprofesa wa Kiarabu huko Oxford mwaka 1636, alijifunza lugha hiyo ili auchafue Uislamu. Kwamba aliijua juujuu. Kwamba vitabu vyake ni mali ya wizi. Na kwamba hakuna alichokijali nje ya Biblia. Ninyi ndio mahakimu. Tuyapime moja moja.

La kwanza ndilo zito. Ni kweli Pococke alitamani Waislamu wawe Wakristo, na mwaka 1660 alichapisha kwa Kiarabu kitabu cha Hugo Grotius cha kuutetea Ukristo. Hilo silikanushi. Lakini humo Grotius alikuwa ameingiza kisa kilichozagaa Ulaya, kwamba Mtume Muhammad alifuga njiwa aliyefunzwa kumjia sikioni ili watu waamini kuwa anapokea wahyi. Pococke alimuuliza mwenyewe amekipata wapi, na Grotius akakiri kwamba hakukitoa kwa Waislamu. Katika tafsiri kisa hicho hakimo. Washtaki watasema alikiondoa kwa kuogopa wasomaji wa Kiarabu wasimcheke. Basi waeleze kwa nini mwaka 1650, miaka 10 kabla ya tafsiri hiyo, alikuwa ameshayaandika hayo kwa Kilatini, katika kitabu chake cha historia ya Waarabu. Wasomaji wa Kilatini walikuwa Wakristo wa Ulaya, na wengi wao wangefurahi kukiamini kisa kile. Mwenye nia ya kuchafua hawanyang'anyi wenzake silaha.

La pili linasema elimu yake ilikuwa ya vitabuni, isiyomjua Mwarabu. Kweli alianzia Uingereza, kwa Matthias Pasor na kwa William Bedwell, kasisi wa Tottenham. Lakini toka mwaka 1630 aliishi Aleppo takriban miaka 6, akiwa kasisi wa wafanyabiashara wa Kiingereza, na huko alisomeshwa na Sheikh Fathallah. Alipokwisha kurudi Oxford, mihadhara yake ya kwanza ilihusu methali zinazonasibishwa na Ali bin Abi Talib. Tena shtaka hili linagongana na lile la kwanza: asiyeujua Uislamu angewezaje kubaini kwamba kisa cha njiwa hakina asili kwa Waislamu?

La tatu ni la wizi. Msingi wake haupuuziki: hati zaidi ya 400 alizokusanya ziko Oxford, si Syria, na mwaka 1634 Mfalme Charles I aliagiza kila meli ya kampuni ya biashara ya Uturuki ilete hati moja ya Kiarabu au Kiajemi. Nguvu ya dola ilikuwapo. Lakini wizi huthibitishwa kwa ushahidi, na ushahidi uliobaki ni barua za Darwish Ahmad, msomi wa Aleppo aliyemtafutia hati, akamnunulia na kumnakilia. Hiyo ni kazi ya malipo kati ya watu wawili wanaojuana. Lawama ya haki ni nyingine: Fathallah na Ahmad hutajwa kwa nadra pale Pococke anaposifiwa. Lawama hiyo naiunga mkono, ila inawahusu waandishi wa historia.

La nne linadai Kiarabu kwake kilikuwa kijakazi wa Biblia. Ameandika fafanuzi za Mika, Malaki, Hosea na Yoeli, na Kiarabu kilimsaidia humo. Lakini mwaka 1659 alitoa tafsiri ya maandishi ya tabibu Daud al-Antaki juu ya kahawa. Mwaka 1661 alichapisha shairi la al-Tughrai pamoja na maelezo. Mwaka 1671 mwanawe alitoa kwa Kilatini kisa cha Hayy bin Yaqdhan cha Ibn Tufayl, na baba akakiandikia dibaji. Kahawa, ushairi na falsafa haviongezi hata aya moja katika Biblia.

Hukumu yangu ni hii. Pococke alikuwa mpinzani wa Uislamu kwa imani, na hakuwahi kulificha hilo. Lakini alikataa kuutetea ukweli wake kwa uongo, hata uongo ulipompendelea. Wanaomshtaki leo nao wanapaswa kupimwa kwa mizani hiyo hiyo: walete ushahidi, au wafute shtaka.