Hadithi za Shikome na Hadithi za Kitabuni

Wako wanafunzi wanaodhani ya kuwa hadithi ni za namna mbili: ile iliyopigwa chapa, nayo ina heshima, na ile inayosimuliwa nyumbani, nayo ni ya kuwalaza watoto tu. Mtoto wa Sapiwi, katika wilaya ya Bariadi, aliyesoma Kisiwa chenye Hazina hukitaja kwa fahari. Lakini akiulizwa habari za Masala Kulangwa, hucheka na kuona haya, kana kwamba ameulizwa juu ya nguo zake kuukuu. Dhana hiyo si ya kweli.

Na atazame kwanza kitabu kile kilitoka wapi. Mwaka 1881 Robert Louis Stevenson alikuwa Scotland pamoja na jamaa zake, wakati wa mvua nyingi. Ilichorwa ramani ya kisiwa kisichokuwako duniani, kwa kumfurahisha mtoto wa mkewe, na hadithi ikazaliwa katika ramani ile. Mwandishi alikuwa akiwasomea watu wa nyumbani kwa sauti yale aliyoyaandika, na baba yake mzee naye akatia shauri lake. Hadithi ikawa kitabu mwaka 1883, na mwaka 1929 kikatokea kwa Kiswahili. Basi, hadithi hiyo nayo ilianza nyumbani, mbele ya wasikilizaji. Hata Shakespeare hakubuni habari za Julius Caesar. Alizipata katika maandiko ya Plutarch, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 1,400 kabla yake. Mwalimu Julius Nyerere akaufasiri mchezo ule, ukatolewa kwa Kiswahili mwaka 1963. Kusimulia upya si wizi, wala si kazi ya mtu asiye na akili.

Sasa turudi Usukuma. Zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote na mifugo yao, asibaki ila mwanamke mmoja mwenye mimba aliyejificha katika makapi. Akazaa mtoto mwanamume, ndiye Masala Kulangwa. Naye alipokua akalitafuta zimwi, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Hadithi hii ina ndugu zake mbali. Askofu Edward Steere alipopiga chapa hadithi za Unguja mwaka 1870, mlikuwamo ya Nunda, mnyama mla watu, ambaye naye aliuawa na kijana.

Lakini kuiandika hadithi si sawa na kuisimulia. Msimulizi wa shikome, ule moto wa jioni wanapokaa wazee na vijana, ana sauti, ana mikono, ana wimbo. Akinyamaza kidogo tu, watoto husogeleana. Mwandishi hana hata kimoja katika hivyo. Mwanafunzi asiyelifahamu jambo hili huandika hivi: zimwi lilimeza watu, mtoto akaliua, watu wakafurahi. Mambo yamo, hadithi haimo.

Tena huliacha sikio. Maana wasimulizi husema ya kuwa Masala Kulangwa alipolipasua zimwi, kisu chake kilikata sikio la kikongwe mmoja aliyekuwa ndani. Na yule bibi, badala ya kushukuru, akakasirika na kutaka kumdhuru kwa uchawi. Mwandishi mwenye haraka huona hilo ni jambo dogo. Kumbe ndilo jambo lenyewe! Mashujaa wanaoua mazimwi ni wengi duniani. Aliyeokoa watu wote kisha akachukiwa kwa ajili ya sikio moja ni wa kukumbukwa.

Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Victoria, hakuwa na haraka. Alizaliwa mwaka 1896, akaandika kwa Kikerewe habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, waliokosa watoto hata wakwe wakamchukua binti yao. Myombekere akaenda kumwomba, akatozwa pombe ya ndizi. Na msomaji huonyeshwa pombe ile inavyotengenezwa, hatua kwa hatua. Wako wanaochoka hapo, na wana haki. Lakini Kitereza aliona ya kuwa desturi za wazee zinapotea, akataka mtu asiyezaliwa bado aweze kuziona.

Alimaliza kuandika mwaka 1945. Hakupata wa kukipiga chapa. Katika uzee wake alikigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa mamia, na mwaka 1980 ndipo kilipotolewa na Tanzania Publishing House. Huyo alikuwa na karatasi na kalamu, tena amesomeshwa seminari, naye alingoja miaka 35. Bibi wa Sapiwi aujuaye wimbo wa Masala Kulangwa hana hata daftari. Mjukuu wake ndiye mwenye daftari. Vitabu vya Kitereza vilichapwa China, na mzee akafariki mwaka 1981 kabla havijamfikia mkononi.