Bastola Safi, Iliyofungwa Vibaya

Nilitunza ghala la silaha za polisi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Kisumu. Hewa ya ziwa haina huruma na chuma. Bastola iliyorowa jasho kiunoni, ukiiacha bila kuifuta, huanza kushika kutu. Kusafisha ni lazima. Kinachonisumbua ni yanayofuata baada ya kitambaa na mafuta.

Chukua bastola ya Ceska, ambayo askari wengi wa Kenya wanaijua. Unapoifunga tena, fimbo ya springi isipokaa sawasawa chini ya mtutu, pini inayoshikilia slaidi haipiti. Kijana hukasirika, akachukua nyundo. Nimepokea bastola zilizochubuliwa hivyo, pini imepinda. Ikigoma, fungua uanze upya!

Lakini kosa linalonikosesha usingizi ni la mwisho. Mtu ameshaifunga, anataka kujua kama imeshika vizuri, basi anapachika magazini yenye risasi na kuvuta triga, sebuleni, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili. Jaribio hufanywa bastola ikiwa tupu, chemba imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole, risasi ziko chumba kingine, mtutu umeelekezwa pasipo na mtu.

Ndiyo maana nasema Bodi ya Leseni za Silaha imtake kila mwenye bastola, anapohuisha leseni, aifungue na kuifunga mbele ya mkaguzi. Dakika 10 zinatosha. Asiyeweza akafundishwe kwanza, awe mfanyabiashara wa Milimani au mheshimiwa mbunge.