Tela si jalala la matairi chakavu

MSIMU wa mavuno unapofika, barabara za vijijini hujaa matela. Yapo yanayovutwa na trekta, yapo ya pawatila, na yapo madogo ya ekseli moja yanayofungwa nyuma ya pikapu kupeleka vitunguu, viazi, mpunga na mahindi sokoni. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo tela ni mkombozi, kwa sababu mzigo wa safari mbili huenda kwa safari moja.

Pamoja na umuhimu huo, inapofika suala la matairi, tela ndilo linalodharauliwa kuliko vyombo vyote. Imekuwa desturi kwamba tairi likiisha kashata kwenye gari, halitupwi, linahamishiwa kwenye tela. Hoja inayotolewa ni kuwa tela halina injini wala usukani, hivyo tairi lolote linafaa. Sisi tunasema desturi hiyo ni hasara, na wakati umefika iachwe.

Tairi la mbele la gari likipungua upepo, dereva huhisi usukani unavuta upande mmoja. La tela likipungua, hahisi kitu. Ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, joto linapanda, mpira unaanza kuachana na nyuzi zilizomo ndani. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mlio wa kupasuka. Kwa tela la ekseli moja hakuna tairi jingine upande huo la kushikilia mzigo. Tela linalala, magunia yanamwagika, na gari linalovuta linaweza kuburutwa nje ya barabara pamoja na waliomo.

Kwa hiyo mnunuzi anapoingia dukani, swali la kwanza lisiwe bei. Liwe uzito. Ubavuni mwa tairi, baada ya namba za saizi, kuna namba inayoonyesha uzito ambao tairi hilo linaruhusiwa kubeba. Namba 91, inayoonekana kwenye matairi mengi ya magari madogo ya abiria, maana yake ni kilo 615. Namba 102 ni kilo 850, na 106 ni kilo 950. Matairi ya magari ya mizigo huwa na namba mbili, kwa mfano 102/100. Ya kwanza ni ya tairi likiwa moja kila upande, ya pili ni ya matairi yakifungwa mawili mawili.

Tuchukue mfano wa tela la ekseli moja lenye uzito wa kilo 400 likiwa tupu. Likifungwa matairi mawili ya namba 102, yanabeba kilo 1,700 kwa jumla. Ukitoa uzito wa tela, zinabaki kilo 1,300, sawa na magunia 13 ya kilo 100. Tela hilo hilo likifungwa matairi ya gari dogo ya namba 91, yanabeba kilo 1,230 tu. Ukitoa kilo 400, zinabaki kilo 830, yaani magunia manane. Mwenye tela akipakia magunia 13 kama alivyozoea, amezidisha karibu nusu tani bila kujua.

Hapo hatujagusa lumbesa. Gunia lililoshonewa kilemba likafika kilo 130 linageuza magunia 13 kuwa kilo 1,690. Ukijumlisha na tela, matairi ya namba 102 yamezidiwa kwa kilo 390. Wakulima wamelalamikia lumbesa kwa miaka mingi kwa sababu inawapunja kwenye bei. Tunaongeza kwamba inapasua matairi pia, na anayelipia tairi ni mwenye tela, si mlanguzi aliyeagiza gunia lijazwe hivyo. Uwezo wa ekseli na springi nao uangaliwe, kwani tairi imara haliwezi kuokoa ekseli iliyopinda.

Jambo la pili ni kasi. Herufi inayofuata namba ya uzito huonyesha mwendo wa juu wa tairi. Matairi mengi ya vifaa vya shambani huandikwa A8, maana yake kilomita 40 kwa saa. Tairi hilo ni zuri nyuma ya trekta, lakini ukilifunga kwenye tela la pikapu na kukimbia kilomita 80 kwenye lami, unalichemsha. Herufi L ni kilomita 120, N ni 140. Vilevile matairi mawili ya ekseli moja yafanane saizi na aina. Lenye herufi R katikati ya namba za saizi lisifungwe pamoja na lisilo nayo.

La tatu ni umri, na hapa wengi hudanganyika. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama kuzalisha mwaka 2009, na kile cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kilifungwa mwaka 2016. Matairi mengi tunayonunua leo yametoka mbali, yamepita melini na kukaa maghalani. Tairi linaweza kuwa halijawahi kugusa barabara na bado likawa limezeeka.

Tafuta ubavuni maandishi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukiona 2423, ni wiki ya 24 ya mwaka 2023. Ukiona tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, liache hapo hapo. Tarehe inaweza kuwa upande mmoja tu, hivyo mwambie muuzaji aligeuze. Tela hukaa muda mrefu bila kazi, likipigwa na jua, na tairi lake huzeeka kabla ya kashata kwisha. Likishapita miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na nyufa ubavuni zisipuuzwe.

Tunajua fedha ni tatizo. Tairi la mtumba huvutia kwa bei, lakini limeshatumiwa sehemu ya umri wake na mtu mwingine, na hakuna anayejua lilivyobebeshwa. Asiye na uwezo wa kununua matairi mawili mapya leo, ni afadhali apunguze magunia na mwendo hadi atakapopata. Wanachama wa vyama vya ushirika na SACCOS wanaweza kuagiza kwa pamoja na kupatana bei na wauzaji wa jumla. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Nao wauzaji tunawaasa. Kuanika matairi mapya juani mbele ya duka ni kuyazeesha kabla hayajauzwa. Mteja aonyeshwe tarehe bila kulazimika kubembeleza, na apewe risiti. Bila risiti, mteja aliyeuziwa tairi bandia hana pa kuanzia anapopeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC).

Tairi likishanunuliwa, litunzwe. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi, kwa geji na si kwa teke. Uzito ulioandikwa ubavuni hauwezi kubebwa kwa upepo pungufu. Msimu ukiisha, tela liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya magogo, kivulini, na matairi yafunikwe. Tarehe ya kununua iandikwe kwenye daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkulima hutumia miezi kulima, kupalilia na kuvuna. Haifai jasho lote hilo libebwe na tairi ambalo yeye mwenyewe alikwisha kuliona halifai kwenye gari lake.