Mayai kwa majani ya chai

Jamani wadau, kuna watu humu chuoni ukiwatajia biashara ya mali kwa mali wanadhani zamani ilikuwa raha tupu. Mimi nimekesha nikisoma habari za vijiji vya Ireland na nasema hapana!

Mama wa shambani alikuwa anabeba mayai mpaka dukani, anarudi na majani ya chai na sukari. Inapendeza, sio? Ila bei ya yai anapanga mwenye duka, na bei ya chai anapanga huyo huyo. Mayai yasipotosha unaandikwa kwenye daftari, na riba juu. Huko magharibi mwenye duka wa namna hiyo walimwita gombeen, na wala halikuwa jina la sifa. Ukishadaiwa naye utaenda duka gani lingine?

Gulio la ng'ombe ndilo nililipenda. Wanabishana weee, dalali anawashika mikono kwa nguvu ili wapigane viganja, mwingine anatemea mate kiganjani (yak!), basi, imeuzwa. Halafu muuzaji anamrudishia mnunuzi hela kidogo ya bahati. Pale angalau bei ikikushinda unaondoka zako.

Mwaka 1906, kule Templecrone, Donegal, Paddy Gallagher na wenzake walianzisha ushirika ili wanunue mbolea kwa pamoja, baadaye wakawa na duka lao wenyewe. Wenye maduka walichukia kweli kweli. Sasa niambieni, kama yale mayai kwa chai yalikuwa matamu hivyo, ushirika walikuwa wanauhangaikia wa nini?