Kilimi Si Ugonjwa

Ndugu msomaji, chukua kioo, simama penye mwanga, fungua kinywa chako sana, useme "Aaa." Huko nyuma, katikati, juu ya shina la ulimi, utaona kinyama kidogo kinachoning'inia kama tone la maji lisiloanguka. Jina lake ni kilimi. Mimi ninacho, wewe unacho, na mtoto wako anacho tangu siku aliyozaliwa.

Naanza hivyo kwa sababu ya neno nisikialo mara nyingi hapa Bunagana. Mama huja na mtoto mgongoni, nami humwuliza, "Mama, mtoto anaumwa nini?" Hujibu, "Ana kilimi." Basi mimi husema, "Mama, hata mimi ninacho." Wengine hucheka. Wengine hawacheki, kwa maana mtoto amekwisha kukatwa, na kitambaa alichofungiwa kimelowa damu.

Je, umepata kumsikia mtu akisema "mtoto ana pua," akitaka kusema ana mafua? Hapana. Lakini kilimi, ambacho ni kiungo kama pua, tumekifanya kuwa jina la ugonjwa. Tena ugonjwa ukiitwa kwa jina la kinyama, watu hudhani dawa yake ni wembe. Kwangu mimi, kosa la wembe limeanza katika neno.

Neno lenyewe ni zuri. Kwa Kinyarwanda twasema ikirimi, kutoka ururimi, yaani ulimi. Na kwa Kiswahili vilevile, kilimi ni ulimi mdogo. (Watu wa huku hatuogopi majina ya kinywani: hata mlima Sabyinyo unaotutazama una jina la meno.) Tanzania wengi huita kimeo, na huko nako wako wanaokata. Kamusi zina jina jingine, kidakatonge, ingawa hakidaki tonge lo lote. Walatini waliona mfano wa zabibu ndogo wakaita uvula, na Wafaransa husema luette. Wauguzi wenzangu hupenda kuandika luette kwenye fishi. Waandike, lakini wakimwambia mama "luette," hatajua kwamba wanasema habari za kile kile ambacho jirani amemshauri akikate. Tumwambie kilimi.

Kazi yake ni nini? Unapomeza, kaakaa laini huinuka pamoja na kilimi na kufunga njia ya puani, ili maji na chakula visipande huko. Tena kilimi hutoa mate yanayolowesha koo. Hata ile "r" ya Wafaransa wa Paris, inayokwaruza kooni, hutoka hapo.

Labda utasema, "Lakini mtoto wa jirani alikatwa, akapona kikohozi." Ndugu, sikatai kwamba alipona. Mafua yakiingia, koo lote huvimba, na kilimi nacho huwa chekundu na kirefu. Ndiyo maana anayechungulia hukilaumu. Vikohozi vingi vya mafua huisha vyenyewe baada ya wiki moja au mbili. Mtoto angalipona na kilimi chake.

Yule asiyekuwa na mafua tu ndiye ninayemhofia. Labda ana nimonia, au kifaduro, au kifua kikuu. Yeye hukatwa, kisha nyumbani wanangoja apone, na siku zinapita. Tena jeraha la kooni haliwezi kufungwa kwa kitambaa. Damu huteremka tumboni au kuingia katika njia ya pumzi, na mtoto mchanga hana damu nyingi ya kupoteza. Wembe mchafu huleta usaha na pepopunda. Wembe uliokata watoto wawili waweza kupeleka homa ya ini na virusi vya ukimwi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Mtoto wako akikohoa, mvue shati umtazame kifua akiwa ametulia. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 60, wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka akifika 50, wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 akifika 40, mlete upesi. Mlete pia kama nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu. Kikohozi kikipita wiki mbili, mlete apimwe kifua kikuu. Na kama kilimi chake kina ncha mbili, tuonyeshe, maana pengine kaakaa halikuungana vema. Hilo nalo si la kukatwa kijijini.

Ukifika mlangoni, usiniambie ana kilimi. Niambie anakohoa tangu lini.