Kalamu Nyekundu Haiimbi

Hapa Bomang'ombe, kijana akimpelekea mwalimu wa kwaya wimbo wake wa kwanza, hupata moja ya majibu mawili: ama "mzuri sana, endelea", ama karatasi irudi imejaa wino mwekundu, na kwaya nzima icheke. Mimi nilichekwa, miaka miwili sikushika kalamu.

Nasema majibu yote mawili ni uvivu. Nota za solfa, alizozieneza John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, ni ramani ya mapigo. Nukta mbili hutenga pigo na pigo, nukta moja hulikata pigo katikati, kistari huivuta sauti. Anayeanza hakosei yote. Pengine ameweka pigo zito kwenye "mwo" ya "mwokozi", ilhali ulimi wetu hukaza "ko".

Basi mwalimu, mwimbie alichoandika, vilevile kilivyo. Sikio lake litashtuka kabla hujasema neno. Kisha mwonyeshe kosa moja, akarekebishe, arudi.

Tunalalamika kwamba kwaya zetu huimba nyimbo za wengine tu. Watunzi wetu tumewaua wenyewe, kwa kicheko na kwa sifa za bure.